Herufi Moja Kwenye Sarafu ya Wanajeshi

Mzee Hamisi wangu,

Bado nasukuma mlango wa karakana polepole, kana kwamba uko ndani umeinamia shaba na sitaki mkono wako uteleze. Miezi saba tangu ututoke. Duka la mitumba la jirani limekuwa kanisa; wanaimba Kilingala mpaka ukuta wetu unatetemeka. Ungelalamika, huku mguu wako ukifuata ngoma. Tindo zako sikuzigusa. Vibao vya milango nilivifanya kwa mashine, kazi ya mkono nikawa naikataa.

Halafu akaja sajenti mmoja wa jeshi la nchi hii, mama mrefu anayechechemea kidogo. Kikosi chao kimerudi kutoka Kongo, na kule walimpoteza mwenzao. Walitaka sarafu, zile zisizonunua kitu, ambazo mwanajeshi huweka mfukoni kuwa kumbukumbu ya kikosi chake. Nilikuwa nimeshaanza kukataa. Akasema walikaa Sake. Sake, Mzee! Kwa mama yangu. Nikamvutia kiti chako.

Nilimchorea simba na mikuki. Akashukuru, lakini macho yake hayakukaa pale. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wateja: "Usinieleze unachotaka nichonge. Nieleze unachokikumbuka." Nikamwuliza hivyo. Akanisimulia kwamba huyo mwenzao kila asubuhi aliwasalimia akina mama wanaobeba makaa barabarani, nao wakamfundisha maneno mawili ya Kiswahili. Akawa anawaambia hayo hata wenzake kila wanapopanda gari. Sajenti akaniandikia kwenye karatasi kama walivyoyasikia: *Tuko pamoya.*

Nilicheka, halafu nikalia mbele ya mteja. Miaka tisa ulinisahihisha, wewe mtu wa Tanga! "Pamoja, Furaha. Pa-mo-ja. Mnakiua Kiswahili huko kwenu." Nami siku nyingine nilikosea makusudi, nikuone tu ukishika kichwa.

Nikachukua tindo yako ndogo. Siku nne nilichonga kalibu ya kutolea sarafu: upande mmoja vilima vya kwetu na barabara inayopinda katikati, upande wa pili maneno yale. Nilipofika kwenye ile herufi, mkono ukasimama. Nilikusikia kabisa. Lakini maneno hayakuwa yako wala yangu. Yalikuwa ya wale mama wa makaa, na yule askari aliyatunza kama alivyopewa mpaka siku yake ya mwisho. Nikachonga Y. Nisamehe. Au nigombeze. Tafadhali, nigombeze.

Sarafu ya kwanza ilipotoka niligeuka kukupa. Mkono ulikuwa umeshanyooka, Mzee, na hapakuwa na mtu. Nikafumba macho kama ulivyokuwa ukifanya, nikapitisha kidole gumba juu yake. Kidole changu hakijui kama chako. Ila vilima nilivihisi.

Sajenti alipokuja kuzichukua alisoma kwa sauti, "pamoya," akaikaza moja kiganjani. Alinipa mkono wa kwaheri, na ndani ya mkono ule nikaikuta sarafu. Ndivyo wanavyopeana wao. Eish, Mzee, nilitamani ungekuwepo uione sura yake.

Ijumaa nilikwenda mtaa wa Mayfair, nikawangojea rafiki zako watoke msikitini. Wamekuombea dua. Nami nilisimama kando na kitambaa kichwani, nikiitikia amina, nikitafuta kofia yako katikati ya kofia zote zile.

Dada yako amenipigia simu. Anasema miaka yote hii alisikia sauti yako tu, hajawahi kushika hata kazi moja ya mikono yako. Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe: mwisho wa mwaka nitakwenda Tanga. Nitampelekea lile sinia ulilolinakshi, ambalo hukukubali kumuuzia mtu. Nitaketi naye mkekani, nimsimulie.

Pumzika, mwalimu wangu. Akiniuliza uliishije huku ugenini, nitamwambia ulikuwa na mtoto.

Furaha