Ulimi Wangu Umekwenda Likizo

Jumatatu, 4 Machi
Jino limeng'olewa. Usaha umetoka, shavu bado limevimba. Daktari kanipa vidonge vya metronidazoli, kutwa mara tatu. Pombe hata tone, kasema. Kama vile nimenuka!

Jumanne, 5 Machi
Nani kaharibu mchuzi wa kantini? Nimeonja — chuma kitupu! Kama nimelamba ufunguo. Nimemwaga sufuria nzima. Nikamshukia Chiriku, msaidizi wangu: umesugulia nini sufuria? Kaapa hajui lolote. Anaimezea mate nafasi yangu tangu siku ya kwanza, namjua. Kantini nzima imekula mkate na chai. Meneja kanuna.

Jumatano, 6 Machi
Hata maji yana chuma! Nikaenda duka la dawa, roho juu. Muuzaji: ni hivyo vidonge, ladha itarudi ukimaliza. Mbona hamkuniambia? Eti karatasi imo ndani ya boksi. Maandishi ya sisimizi! Kasema nisiache katikati hata uvimbe ukinywea. Nile kwanza ndipo nimeze, kichefuchefu kipungue. Vipele vikitoka au mikono ikifa ganzi, nirudi hospitali mbio.
Sawa. Lakini mimi ni mpishi! Nitapika kwa ulimi wa nani?

Alhamisi, 7 Machi
Kesho wakubwa wa ofisi wanakula kwetu. Meneja anataka niruke vidonge mpaka waondoke — si shavu limepungua? Limepungua! Nilipokuwa nalia nalo alikuwa wapi? Nikamjibu jino halikuwa lake. Naye: ukiharibu tena, jiko nampa Chiriku.
Nimekimeza kidonge mbele yake, na maji glasi nzima.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejifungia stoo. Mchuzi umeiva jikoni. Chumvi nimetia kwa mazoea, kuonja — chuma. Imebidi nimwite Chiriku. Mimi, nimwite Chiriku! Baada ya kumfokea bure Jumanne, na radhi sijamwomba.
Akaonja. Akaonja tena. Akalitazama shavu langu. Kasema chumvi bado sana, niongeze kiganja kizima.
Kiganja kizima! Ananiokoa huyu, au ananizika? Nikamwambia atie yeye. Akarudi nyuma: "Hapana, dada. Jiko ni lako."
Wakubwa wameshakaa. Meneja anagonga mlango. Kopo la chumvi nimekuja nalo huku, nimelikumbatia, kiganja bado sijatia —