Jupe ya Neema

Lundi, magaribi

Bado ninacheka. Leo directrice, mukubwa wa masomo ya Neema, aliniita ku masomo, amekasirika: “Mama Neema, jupe ya mutoto imepita juu ya magoti! Hapa hatuvae hivi!”

Ni jupe ileile ya miaka tatu. Mbele, Neema alikuwa harefuke hata kidole, watoto wa mutaa wetu wa Mabanga wakimuita bebe. Tezi ya shingo yake, yenye kusaidia mutoto arefuke, haifanye kazi muzuri. Na mimi, mujinga, nilikuwa ninamumezesha kidonge ya tezi na uji wa soya, apate nguvu. Kumbe soya ilizuia dawa! Tangu daktari anigombeze, mwaka moja sasa, kidonge ni na maji tu. Uji unangoja masaa ine.

Ninaogopa siku dawa itakosekana mu mji. Lakini leo nilimushika directrice mikono yote mbili: “Mama, tafazali, sema tena kama jupe imekuwa mufupi.”