Nimemsagia Mume Wangu Vidonge Kwenye Uji

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka, mimi ni fundi wa magauni ya harusi na kwa miezi minne sasa hedhi yangu haina adabu, inakuja nzito, inakaa siku tisa, ikiondoka inarudi kabla sijapumua, tumbo la chini linaniuma kila nikikanyaga cherehani, na juzi damu ilipita nguo yangu ikagusa pindo la gauni jeupe nililolipakata, nikalishonea ua jekundu palepale, bibi harusi akalipenda akaomba mengine mawili, basi nikaenda kwa daktari, akasema ni maambukizi ya viungo vya uzazi, akanichoma sindano na kunipa vidonge vya siku kumi na nne, akasema mume naye aje, lakini mume wangu, fundi friji, akajibu kwamba yeye haumwi popote na mimi ndiye nieleze nilikoutoa ugonjwa huo, nikaogopa ugomvi, nikawa namsagia nusu ya vidonge vyangu kwenye uji wa asubuhi, siku ya saba maumivu yakapoa nikaacha, sasa damu imerudi, na tunatafuta mtoto, je, nimwongezee dozi?

Fundi wa Pindo

Pole, Fundi wa Pindo. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikashika kichwa.

Usimwongezee chochote. Kumnywesha mtu dawa bila yeye kujua ni kosa, hata kama ni mumeo na uji ni mtamu. Kama dawa ingemdhuru, ungemweleza nini daktari? Na wewe umekunywa nusu dozi kwa nusu ya muda. Maumivu yalilala tu, wadudu wakabaki. Wao ndio wanaovimbisha mfuko wa uzazi mpaka damu inatoka nyingi na nje ya tarehe zake. Wakiachwa wanatia makovu kwenye mirija, mimba ikakwama humo au isishike kabisa. Mtoto unayemtafuta ndiye unayemchezea, mwanangu.

Kesho rudi kwa daktari. Mwambie yote, na uji pia, ameshasikia makubwa zaidi. Omba na kipimo cha mimba. Dozi mpya imalize mwenyewe, hata ukijisikia mzima siku ya tatu. Kitandani ni kulala tu mpaka nyote wawili mmemaliza tiba. Homa ikipanda, ukitapika au tumbo likikaza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Huyo bwana muulize ni friji ngapi amezikuta zinavuja gesi kimya kimya, mwenye friji hana habari. Wadudu hawa wanaweza kukaa kwa mtu muda mrefu bila kumuuma, na si kila maambukizi yanatoka kitandani, kwa hiyo aache kutafuta mkosaji, akapimwe.

Lakini kwanza ungama. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, bila kuzunguka. Atafoka, na safari hii ana haki. Mwache amalize.

Na kesho yake ukimwekea uji, uonje wewe kwanza, mbele yake.