Kabichi Nyeusi ya Mama Argia

Alhamisi, 14 Novemba
Mama mkwe, Mama Argia, kasukuma bakuli tena. Karoti za kusagwa — hata mimi nisingekula. Wiki ya tano tangu kiharusi: hajatamka neno, na sasa hata kula hali. Daktari kasema asipoanza kula kufikia Jumatatu, atawekewa mpira wa kulishia. Duilio, mume wangu, akatoka, eti anaenda kupasua kuni. Shoka sikulisikia.

Ijumaa, 15 Novemba
Bustani imeamka imeganda. Nikashukuru! Kabichi nyeusi, hii ya majani marefu, haina utamu mpaka ipigwe na baridi kali. Mama Argia ndiye aliyenifunza, mwaka ule nilipoolewa huku nikitokea Lecce, kule kusini.

Duilio naye kaleta mafuta mapya ya zeituni kutoka kinuni, ya kijani, yanayokwaruza koo. Nikamwambia kesho nampikia mama brusketa.

"Una wazimu, Ornella? Mkate wa kubanika! Atapaliwa!"

Nikampigia simu muuguzi wake wa mazoezi ya kumeza. Kasema sawa, ila uwe laini kabisa, akae wima, tonge dogo, nisimwache peke yake. Basi!

Jumamosi, 16 Novemba
Kabichi imechemka zaidi ya saa nzima, mpaka inapondeka kwa kidole. Mkate wa juzi juu ya makaa, kisha kuusugua kitunguu saumu ungali moto. Halafu mambo yao watu wa huku: unauchovya kwenye maji ya kabichi hadi ulegee. Miaka yote niliona ni kuharibu mkate. Kweli usilolijua ni usiku wa kiza! Leo nimembariki aliyebuni. Kabichi juu, mafuta bila ubahili.

Nikampa tonge la ukubwa wa ukucha. Kanusa. Kafungua kinywa! Duilio kashikilia kitanda kana kwamba kitakimbia. Mama kameza. Hakukohoa. Kisha kanikazia jicho.

"Chumvi," akasema.

Amesema! Mkate wa huku hautiwi chumvi, sisi wa kusini tunatia, na kwa miaka ishirini na sita huo ndio ugomvi wetu. Leo mkono ulinipita, nikazidisha chumvi kwenye maji ya kabichi. Duilio anacheka huku analia: "Mama, hata ahsante hakuna?" Mimi nililia tu. Sijawahi kusutwa nikafurahi hivi. Ahsante, Mungu wangu, ahsante.

Matonge manane.

Jumapili, 17 Novemba
Kesho saa tatu kwa daktari. Matonge manane yatamridhisha? Sijui. Asubuhi mama kala sita, akafumba kinywa.

Sasa Duilio kamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka jikoni, maana mama alikuwa anaonyesha mlango tu. Kajivutia sinia la kabichi. Anachambua majani kwa mkono mmoja, ule mzima. Polepole mno! Duilio ananinong'oneza nimsaidie, la sivyo tutakula jioni. Nimemwambia anyamaze. Maji yanakauka sufuriani, nimeyaongeza mara mbili.

Mama kasimamisha mkono. Anaangalia daftari hili, ananiangalia mimi.

"Mvivu," kasema.

Naam, mama. Nakuja —