Toronto Hadi Songwa

Pacha wangu Kulwa,

Nimeona ujumbe wako kwamba umeshakata tiketi. Toronto mpaka Doha, Doha mpaka Dar, Dar mpaka Mwanza, kisha basi la Shinyanga, na bodaboda ya kukufikisha hapa Songwa. Hongera. Miaka yote ulikuwa unatuhesabia masaa ya angani, leo mama yuko chini ya udongo ndipo ndege imepata nafasi!

"Ni kilomita elfu kumi na mbili na zaidi, mama," ulimwambia kwenye simu. "Siku nzima niko hewani, bado kusubiri viwanjani." Yeye akacheka: "Sasa ndege inaruka, haikwami kwenye matope, inakawia nini?" Lakini majirani wakikusema, alikutetea. Aliwaeleza umbali wa Toronto kama mtu aliyewahi kwenda. Mimi namkogesha, yeye ananieleza ulivyo mbali, nami nasaga meno tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimchanganya? Akiita "Doto!" kutoka shamba la pamba unaitika wewe, unakula michembe yangu, viazi vikavu alivyoniwekea mimi. Ukisikia kuna kuchota maji, unageuka Kulwa mgonjwa wa tumbo. Sauti zetu zilikuwa moja, hata baba alishindwa. Tulicheka mpaka tukalala chini. Nilikupenda sana, mwizi wewe.

Basi wiki ile ya mwisho macho ya mama yalikuwa yamekwisha kabisa. Kila akiamka swali ni moja: "Kulwa amefika?" Nikakupigia. Ukasema kazini hawajakupa ruhusa, tusubiri kidogo. Hivi kufa nako kunasubiri ruhusa ya kazini kwako? Nikakata simu, nikaingia ndani, nikamshika mkono.

"Shikamoo mama. Ni Kulwa, nimefika."

Ee Mungu wangu, alivyolia! Akanipapasa uso mzima. "Wabeja, mwanangu, wabeja," asante juu ya asante. Akaniuliza safari ilikuwaje, nikamsimulia mawingu ambayo mimi sijawahi kuyaona kwa juu. Akabariki kazi yako, akabariki watoto wako mmoja mmoja kwa majina. Baraka hizo ni zako, zichukue, mimi sizitaki.

Halafu akageuza kichwa. "Na Doto yuko wapi? Mbona simsikii?"

Nilikuwa nimeshika mkono wake, Kulwa. Ningesemaje? Nikamwambia Doto ameenda Shinyanga mjini kufuata dawa, yuko njiani anarudi.

Pumzi yake ikawa inakuja na kukatika. Kisha akasema, "Wewe umetoka kote huko, umeniwahi. Yeye wa hapa hapa ndiye ananichelewea." Hakusema neno jingine tena.

Mimi niliyemlisha, niliyemgeuza kitandani, niliyefua shuka zake. Mama yangu amekufa akininung'unikia, nami nimekaa pembeni yake.

Kwa hiyo usije. Usiniletee machozi ya uwanja wa ndege na miwani myeusi. Ukae huko huko na baridi yako, wala usinipigie, maana ukifungua mdomo nasikia sauti yangu mwenyewe ikimdanganya mama. Wewe ulishamuaga, tena vizuri sana.

Aliyebaki hajamuaga ni mimi.

Pacha wako,
Doto