Nilivyopokewa Dungu kwa Dungu

Shikamoo mama yangu,

Ulitaka kaka anisindikize, nikakataa. Leo nilikuwa njiani peke yangu kwenda shambani kwa shangazi, huku kijijini Chumbi. Mwanamume mmoja akanifuata kwa baiskeli. Nikikaza mwendo, naye anakaza, mara ananivuta kanga. Niliogopa, mama, sikufichi.

Ghafla nikasikia sauti kutoka juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu wanachokaa kulinda mpunga. "We mwenye baiskeli! Mwache mtoto wa watu!" Mama mmoja amesimama, kombeo la kufukuzia ndege mkononi. Akampigia kelele jirani yake: "Mgeni anakuja, mpokee!" Wa dungu la pili akaitika, "Namuona!" Yule bwana akageuza baiskeli, nami nikapokewa hivyo hivyo, dungu kwa dungu, mpaka kwenye dungu la shangazi.

Shangazi alikuwa ananipakulia wali na kambale. Nikamuuliza, "Na kama yule bwana asingeniachia?"

Akanishangaa. "Si tungeshuka."

Basi kaka apumzike, mama. Nawe ulale usingizi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura