Kikohozi cha Mama Nilikijua Mimi

Mdogo wangu Furaha,

Nakuonea wivu. Naanza na hilo maana salamu za kinafiki zimenichosha.

Unakumbuka chumba chetu cha kupanga mtaa wa Point, tulipokuwa tukisomea uuguzi? Nilikuwa nikikusuka huku nakuuliza majina ya dawa, na ukikosea navuta nywele. "Yaya, unaniua!" ulikuwa ukinililia mimi dada yako mkubwa, kisha unakosea tena. Nilikufundisha mpaka ukafaulu. Leo uko Uingereza, na sheria ya huko imekuruhusu kuandika dawa mwenyewe, bila kumwomba daktari sahihi. Mimi nimebaki huku, kliniki ya Pinetown, na kibali changu: naandika dawa zile nilizoruhusiwa tu, tena humo humo ndani. Nikitoka getini, kalamu yangu ni ya kuandikia majina ya wageni kanisani.

Mwezi uliopita Mama alishikwa na kikohozi kikavu. Nilijua mara moja kwamba kinaletwa na kile kidonge chake cha presha, nikamwambia. Lakini hapa dawa ya kuchukua nafasi yake lazima ianzishwe na daktari, na wetu huja Jumanne tu. Mama akakupigia wewe. Ukamwambia neno lile lile nililomwambia mimi, ukamtumia cheti cha dawa kwa WhatsApp. Aliibusu simu!

"Furaha iko anaandika yeye mwenyewe," aliniambia. "Weye unangojaka dokta. Ata weye, Mungu atakusaidia siku moja."

Nilimsindikiza duka la dawa nikijua vizuri kwamba cheti chako hakifai huku. Mfamasia alipokikataa, roho yangu ilisuuzika. Halafu Mama akakohoa mpaka akashikilia kaunta, nami nikaona aibu.

Jumanne daktari alinisikiliza, akabadilisha dawa. Mama amepona. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda: binti yake wa Uingereza amemponya. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nimekunja uso.

Sikuombi uache kuandika. Andika, mdogo wangu, umeistahili hiyo kalamu. Ila mimi Mama hunisikia kama redio ya jirani, na wewe anakusikia kweli. Basi mpigie. Mwambie nani alikijua kikohozi kile kwanza. Na umwambie nikiwa karibu, nisikie.

Ni mimi yaya wako, ninayekupenda na bado nimenuna.